Ini Moja, Vyumba Vinne

9 Februari

Mdogo wangu,

"Ini haliharibiki kwa mtu ambaye hajaonja pombe, hiyo mashine imekosea." Ndivyo ulivyoandika, chini kabisa ya ukurasa, kama mtu anayetupa jiwe kisha akakimbia. Nakujibu kabla ya salamu, unisamehe. Ni uongo. Ni uongo mzee, wenye mvi, na bado kila unapoingia mahali watu husimama kuupisha kiti.

Haya, sasa adabu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Binti kamaliza mitihani? Jicho la Mama linaendeleaje baada ya operesheni? Mwambie asiiname kuokota vitu mpaka mwezi uishe, na asijidai kuwa haumwi, maana najua anajidai. Mimi mzima. Lifti ya jengo letu imekufa, kwa hiyo napanda ghorofa tatu kwa miguu nikitukana kila ngazi.

Turudi kwa huyo mteja wa cherehani yako. Unasema ni mwanamume wa makamo, hanywi, havuti, amepigwa picha ya tumbo kwa jambo jingine wakakuta ini limejaa mafuta. Naye kwa kuwa hanywi anaona kasingiziwa. Hakusingiziwa. Ini ni ghala. Ukila kuliko unavyotumia, ukikaa kuliko unavyosimama, ziada hutafutiwa pa kuwekwa, na ghala halina mdomo wa kulalamika. Pombe huleta mafuta kwenye ini, sikatai. Lakini na sukari huyaleta, na kiuno kinachopanuka, na damu tuliyorithi. Benchi langu la wagonjwa limejaa walimu, makarani na waimba kwaya ambao chupa wameiona dukani tu.

Nikueleze tunavyofanya hapa kliniki. Kila Jumatano daktari wa ini, daktari wa sukari, mtaalamu wa lishe, mtaalamu wa mazoezi na mshauri anayewauliza watu wanalalaje na wanahofia nini, wote wanakaa meza moja. Mguu mmoja wa meza ni mfupi, tumeuwekea kadibodi. Mimi nashika mafaili. Wanagombana mbele yangu, badala ya kugombana ndani ya mwili wa mgonjwa. Hiyo ndiyo siri yote ya kliniki yetu, hakuna nyingine.

Mwambie mteja apimwe ugumu wa ini, ndio unaoonyesha kama limeota kovu. Mafuta peke yake yana msamaha. Kovu lina roho ngumu zaidi.

Dada yako


3 Machi

Dada Wakili,

Shikamoo, muuguzi unayebishana kama wakili. Sisi wazima, isipokuwa uchovu. Msimu wa sare za shule umetukaba koo. Tuko mafundi watatu, mashine tatu, na mwalimu mkuu mmoja anayekuja kila siku kuuliza kama kaptura zimezaliwa. Binti kafaulu, sasa anatembea kama waziri. Mama anasema jicho ni zima kabisa na kwamba ameona vumbi juu ya kabati ambalo kabla ya operesheni halikuwepo. Wifi yako hajalipenda hilo jicho jipya.

Kuhusu mteja. Amepimwa ugumu. Upo. Ni kiasi gani sikumuuliza.

Shida yake ni nyingine. Ana madaktari wanne katika hospitali moja, ukumbi mmoja. Wa ini amemwambia apunguze kilo kumi na atembee kila siku. Wa mifupa, kwa ajili ya goti, amemwambia asitembee. Wa sukari amempa vidonge ambavyo tangu aanze kuvimeza njaa haimtoki, kisha akamwambia asikae na njaa, ale kidogo kidogo mara sita. Wa lishe kampa karatasi inayosema ale mara tatu tu, asiguse kitu katikati, na nusu ya vyakula vilivyoandikwa humo havijawahi kuonekana katika soko letu. Kila mmoja ni mpole. Kila mmoja ameandika vizuri, kwa mwandiko mbaya.

Mwaka juzi niliwahi kuletewa suti ya bwana harusi. Kiwiliwili kilishonwa na fundi mmoja, mikono na mwingine, kola na wa tatu, kila mtu nyumbani kwake. Kila kipande kilikuwa safi, naapa. Bwana harusi alipoivaa hakuweza kuinua mkono kupokea pongezi.

Basi mteja amegoma. Vidonge vyote ameviweka ndani ya kopo la vifungo, chini ya vile vikubwa vya makoti ambavyo mkewe hagusi. Anasema wakishakubaliana wao, atameza. Na hataki mtu ajue lolote, maana mtaani ukitaja ini umetaja chupa.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo, na wote hawajambo? Mpe Mama pole ya vumbi na wifi pole ya Mama. Binti mwambie shangazi yake anamsalimu Mheshimiwa Waziri. Lifti bado imekufa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, jikoni, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Fundi anayejua mteja wake anakula saa ngapi, goti lipi linamsumbua, na vidonge kavificha chini ya vifungo vya aina gani, huyo si fundi wake. Huyo ni mke wake, au ni mteja mwenyewe. Nami kwa kuwa wewe si mke wa mtu, naomba tumwache huyo mteja aende zake, tubaki wawili.

Umegoma? Umemgomea nani? Daktari wa ini amekula chakula chake, amevaa viatu vyake, ameenda kwake. Anayeumia kwa mgomo wako ni wewe na lile ghala lako. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakujua kuna mjanja atakuja kuyaficha ndani ya kopo la vifungo. Na huo ugonjwa hauli ini peke yake. Wengi wanaougua hivyo moyo ndio unaowatangulia, kabla ini halijamaliza hotuba yake. Nakutisha? Ndiyo, nakutisha. Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Kwamba wale wanne wanapingana, hapo una haki, na nitakuja kuwatia adabu kwa kalamu siku ukiniruhusu. Lakini haki yako isiwe kisingizio. Njoo kwangu. Basi la asubuhi linakufikisha hapa kabla jua halijazama. Jumatano nakuweka wa kwanza.

Nijibu mambo matatu. Kovu limefika hatua ya ngapi? Wifi anajua? Na unaogopa nini? Hilo la mwisho lijibu hata kama hayo mawili utayaruka, kwa sababu nakufahamu tangu ukiwa unavaa viatu mguu siyo wake: wewe si mtu wa kuogopa kidonge.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakusalimu. Sare zimekwisha.

Kovu ni hatua ya tatu. Ya nne ndiyo ya mwisho. Wifi yako hajui. Na ninachoogopa ni sebule yetu.

Unaikumbuka ilivyokuwa? Viti vimetolewa nje, watu wamekaa chini, Baba tumemzika asubuhi ileile. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeegemea mlango. Baba Mkubwa akakuuliza mbele ya watu, "Wewe unayesomea uuguzi, tumbo lile la ndugu yangu lililovimba lilikuwa la nini?" Ulikuwa umefika moja kwa moja kutoka chuoni, hukupata hata muda wa kubadili nguo nyeupe. Ukamjibu, "Ni ini, na ini halifiki pale kwa mtu ambaye hajaonja pombe." Hukupaza sauti. Ulisema kama mtu anayesoma tangazo la ukutani.

Kuanzia hapo Baba akawa mlevi aliyejificha. Watu walikumbuka mambo ambayo hayakuwepo: kwamba alikuwa akichelewa kutoka ofisini, kwamba macho yake yalikuwa mekundu. Mama aliacha kwenda kwenye kikundi chake cha akina mama. Mimi nikaapa pombe haitagusa mdomo wangu, na haijagusa. Mama alinipa koti la Baba, lile la kijivu. Nilikuwa ndiyo nimeanza kujifunza kazi. Nililikatakata, nikatengeneza vitambaa vya kufutia mashine.

Sasa na mimi nina ini. Nikilitaja tu, watasema mwana wa nyoka ni nyoka.

Yale maneno uliyoyachana vipande mwezi wa pili ni yako, Dada. Unayaita uongo mzee wenye mvi. Mimi nilikuwepo siku uongo huo unazaliwa, na mkunga ulikuwa wewe. Sikuambii hivi kwa ubaya. Nataka tu kujua: sasa hivi unabishana na nani?

Mdogo wako


20 Juni

Dada Wakili,

Shikamoo. Hii ni wiki ya saba sijapata barua yako. Mwanzo nilidhani posta. Kisha nikadhani umekasirika. Sasa nadhani ni kitu kibaya zaidi, kwamba umekubali, nami sijawahi kukuona umekubali jambo, sijui unakuwaje. Tafadhali nibishie. Nibishie chochote. Sema mistari ya suruali ya mkuu wako imepinda, hata kama sikuishona mimi.

Mama mzima. Kamgombeza mtu wa posta kwa ajili yako. Binti anaanza chuo mwezi ujao.

Nilifanya kitu, nataka uwe wa kwanza kukijua. Pale dukani kila mteja ana kadi. Aliyempima anaandika vipimo, tarehe na jina lake, na sheria yetu ni moja: hakuna mkasi kugusa kitambaa kabla kadi haijasomwa yote. Ndiyo maana mafundi watatu tunaweza kushona koti moja bila kuuana. Basi nilichukua karatasi ngumu ya manila, nikajiandikia kadi yangu. Nikaweka nafasi nne, kila daktari na aliloniagiza. Nikajipima na kiuno, kwa futi yangu mwenyewe. Dada, kwa miaka sita nimekuwa nikijipanulia suruali zangu kidogo kidogo kila msimu, mikono ikifanya, kichwa kikikataa kuhesabu. Wateja wangu nawaambia ukweli kuhusu viuno vyao kila siku.

Nikaenda nayo. Daktari wa sukari aliisoma, akainua macho.

"Nani kakuambia usitembee?"

"Daktari wa mifupa."

"Lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nane."

Akaniandikia tarehe. Nikavuka ukumbi kwenda kwa wa mifupa. Naye akashangaa kuliko mwenzake. "Nilisema wiki mbili! Mpaka uvimbe upungue! Mzee, umekaa miezi kumi?"

"Hukuniambia niinuke."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaandika kwenye kadi: atembee. Mtaalamu wa lishe aliitazama, akaniuliza sokoni kwetu kuna nini, akafuta karatasi yake yote na kuanza upya, nikamtajia mboga moja moja kama mtoto anayesoma alfabeti. Wa ini, siku ya kliniki yake, ndiye aliyekataa. Alisema yeye haandiki kwenye kadi za mafundi cherehani.

Hata hivyo natembea. Nakata kitambaa nikiwa nimesimama. Wifi yako anadhani nimepata mwanamke.

Niandikie.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mzima wa mwili. Kwanza mwambie mke wako ukweli leo hii, kabla hajamtafuta huyo mwanamke akampata. Pili, hongera kwa kadi. Nimeipeleka habari yake Jumatano mezani, na daktari wetu wa ini, ambaye hasifu kitu, alisema, "Huyo fundi anatafuta kazi?"

Sasa lililonikaba wiki tisa.

Ni kweli. Nilisema mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa pili chuoni, sura moja tu ya kitabu kuhusu ini nilikuwa nimeisoma, na nilikuwa na nguo nyeupe. Baba Mkubwa aliponiuliza, ningeweza kusema "sijui". Ni neno fupi. Lakini watu wote wale walikuwa wamegeuza shingo kunitazama, mtoto wa kike wa karani, na mimi nikaona nikisema sijui nitakuwa nimewapotezea ada. Nikaongea kwa sauti ya kitabu. Na hakikuwa kitabu kilichomzika Baba.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilipelekwa mafunzo. Mhadhiri akaonyesha orodha ya wanaopata kovu la ini bila pombe. Sukari. Tumbo kubwa. Kazi ya kukaa. Nilikuwa naandika, kalamu ikasimama. Ilikuwa kama mtu anamsoma Baba kwa sauti: kiti chake cha ofisini, kiu yake ya maji isiyokatika, mkanda wake uliokuwa na matundu aliyoyaongeza kwa msumari. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Niliporudi kazini nilianza kuipigania ile meza ya Jumatano, nikagombana na wakubwa watatu mpaka nikaipata. Watu husema nina moto. Si moto. Ni aibu iliyojifunza kupiga kelele.

Miaka kumi na mmoja nimejua, na sikuwaambia. Kila nikija nyumbani nilikuwa naleta matunda, dawa za presha za Mama, maneno mengi, na hilo moja nalirudisha nalo.

Sikiliza vizuri lakini. Sitakuambia kwamba najua Baba alikufa kwa nini. Hakupimwa, na waliozikwa hawapimwi. Nikisema leo kwa uhakika "haikuwa pombe", nitakuwa yuleyule msichana, nimebadilisha kitabu tu. Ninachosema ni hiki: hakuna aliyewahi kumwona na chupa, dalili zake zilikuwa zile zile ninazoziona kila wiki kwa watu wasiokunywa, na mimi nilisema najua wakati sijui. Hilo koti ungelivaa. Ulilikata kwa mkasi wako, lakini kwa neno langu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, ni ya Mama. Msomee wewe, kwa sababu maandishi madogo bado yanamsumbua. Usiruke mstari. Nakufahamu, utataka kunilinda.

Nawe meza dawa. Siombi.

Dada yako


1 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima kweli, safari hii si salamu tu. Wifi yako nilimwambia. Alilia kidogo, akanipiga na mto, akaenda moja kwa moja kwenye kopo la vifungo. Alikuwa anajua siku zote. Alisema, "Wewe unaficha vidonge penye vifungo, kwani vifungo huwa vinanukia hospitali?" Sasa yeye ndiye anayenitolea, asubuhi na jioni, ananisimamia kama askari jela.

Mama nilimsomea mchana baada ya chakula, wifi yako akiwa anakunja nguo. Nilipofika pale "nilisema mimi", nikajifanya natafuta mstari.

"Soma," akasema Mama. "Umenyamaza nini? Kaandika matusi?"

Nikasoma mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Yule mwanamume nimelala naye miaka ishirini na sita," akasema. "Pumzi yake naijua. Angeonja chupa ningelewa mimi."

"Sasa Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Siku ileile, jikoni. Nani alinisikiliza? Mtoto kavaa nguo nyeupe, mimi nimevaa aproni."

Wifi yako akauliza, "Hukumkasirikia?"

"Nilimkasirikia mwaka mzima. Halafu nikachoka, nina kazi." Akaninyooshea kidole kana kwamba mimi ndiye wewe. "Mwandikie aje. Aje na hiyo nguo nyeupe, asimame palepale aliposimama, aseme mbele ya shemeji yangu. Yule mzee bado anasema baba yenu alikuwa mlevi. Juzi tu kasema."

Basi umeitwa, Dada. Na ukija nina kesi yangu. Daktari wa sukari ameniambia kuna sindano ya mara moja kwa wiki inayosaidia sukari na uzito, na huenda ikalisaidia na ini, badala ya vile vidonge vya njaa. Lakini kwa kovu nililo nalo anataka mwenzake wa ini akubali kwanza. Wa ini anasema dawa za sukari si kazi yake. Wa sukari anasema bila neno lake hawezi. Nimepelekwa na kurudishwa mara tano. Milango yao inatazamana. Nimehesabu, ni hatua thelathini na nne. Kliniki zao ni siku tofauti, kwa hiyo hawajawahi kukutana hata kwa bahati mbaya. Nimepungua kilo nne kwa miguu yangu, lakini daktari wa ini mwenyewe alisema hatua ya tatu haingoji.

Uliniambia nikikuruhusu utawatia adabu kwa kalamu. Nimekuruhusu.

Mdogo wako


14 Septemba

Mdogo wangu mpenzi,

Nimefika salama. Basi liliharibika njiani mara moja tu. Mwambie wifi chakula cha safari kilinitosha mimi na abiria wawili wa pembeni, na Mama mwambie nimeshaanza kumkumbuka, hata kidole chake.

Sijui kama niliwaambia nilivyoogopa pale sebuleni. Nimewahi kusimama mbele ya wakuu wa hospitali nikawaita wavivu. Lakini mbele ya Baba Mkubwa, na fimbo yake, na sikio lake moja zima, ilibidi nishike kiti. Niliposema "nilikosea, Baba Mkubwa, nilisema jambo nisilolijua", na yeye akauliza "Nini?", ikabidi nirudie kwa sauti ya juu mpaka majirani wakasikia. Labda ilitakiwa iwe hivyo. Na alipolia yule mzee, akasema, "Basi ndugu yangu nimemsema bure," nilijua kuna vitu ambavyo ukiomba radhi vinapungua uzito, haviondoki. Mama kurudi kwenye kikundi chake Jumamosi ile ni zawadi ambayo sikustahili.

Asante kwa kuniruhusu nikusindikize hospitalini. Nilitaka kuona kwa macho yangu kabla sijaandika. Barua uliyoomba iko chini hapa. Itoe nakala nne, umpe kila mmoja mkononi. Ukiona ukali umezidi, usifute kitu.

*

Kwa daktari wa ini, daktari wa kisukari, daktari wa mifupa na mtaalamu wa lishe, wa ukumbi mmoja,

Salamu kwenu. Mimi ni muuguzi, na ni dada wa mgonjwa wenu, fundi cherehani. Ninyi nyote mlinipokea vizuri, mkanipa kiti, na sina nia ya kuwalipa wema kwa ubaya. Ndiyo maana nasema wazi.

Mmoja wenu aliniambia, "Kila mtu na chumba chake, ndiyo utaratibu." Utaratibu wa nani? Mafuta yaliyo kwenye ini la ndugu yangu huyu hayakuuliza chumba. Yametokana na sukari yake, kiuno chake, goti lililomkalisha, kiti cha kazi yake, na hofu iliyomfanya afiche vidonge. Hakuna hata mmoja kati yenu anayeweza kulitibu ini hilo peke yake, na kila mmoja wenu anaweza kuliharibu peke yake. Miezi kumi ya kukaa kitako kwa sababu hakuna aliyemwambia inuka ni ushahidi wa kutosha. Hamkufanya vibaya. Mlifanya vizuri mkiwa mmepeana migongo, na kwake matokeo ni yaleyale.

Najua mtaniambia muda hamna. Kwetu tulisema hivyo pia. Tukahesabu: dakika kumi na mbili kwa mgonjwa mmoja, wote tukiwa pamoja. Yeye amevuka ukumbi wenu mara tano kutafuta jibu la swali moja, na hajalipata. Msiniambie habari ya muda.

Na wewe, daktari wa ini, uliyekataa kuandika kwenye kadi ya fundi. Nimesoma kuhusu ini kwa miaka mingi, na nilianza kwa kusema neno moja kwa uhakika nisiokuwa nao, likaivunja nyumba yetu. Siwezi kukufundisha dawa. Naweza kukuambia kwamba mtu anayejua mwisho wa chumba chake hapungukiwi heshima akifungua mlango.

Jumatano ijayo, saa nne asubuhi, kila mmoja wenu aache kiti chake. Kutaneni katika chumba kimoja, chochote, hata cha mafaili. Mwiteni mdogo wangu aingie, akae kati yenu. Semeni mbele yake kama ile sindano ataichoma au hataichoma, ale nini, atembee kiasi gani, na arudi lini kwenu nyote kwa pamoja. Msitoke humo mpaka mmekubaliana, na mmwandikie jibu moja, lenye sahihi nne.